Dirisha la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba
Mwenyekiti wa mtaa kagawa vitaa vya betri, kila nyumba kimoja. Jumamosi inatimia miaka hamsini tangu usiku wa mabomu. Kasema tuviweke kwenye dirisha la barabarani, kama walivyofanya usiku ule wale waliotaka wanaokimbia wajue mlango uko wazi.

Bibi yangu alikuwa kati ya waliokimbia, mama yangu mgongoni. Nimempigia Bibi simu hapo hapo. Atakuja kwenye matembezi ya kumbukumbu Jumamosi – anasema mwakani magoti hayatamfikisha. Nikamwambia, ukipita kwetu tazama ghorofa ya pili, utaona taa yetu.

Mdomo wangu huu! Dirisha la barabarani tunalo moja tu. Liko chumbani kwa mama mkwe.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemwomba mama mkwe akiwa anamwogesha mtoto wangu, maana hapo huwa mlaini. Kakataa. Chumba chake si ukumbi wa sherehe, kasema. Nikasema ni kitaa tu, mama. Kaendelea kumfuta mtoto masikio.

Mume wangu je? "Kati yako na mama siingii, mtanitafuna wote wawili." Akavuta sahani yake. Msaada huo!

Dirisha letu la jikoni linatazama ukuta. Niwawashie mijusi?

Ijumaa, 7 Novemba
Leo mama mkwe kasema mwenyewe, tukikunja nepi. Usiku ule alikuwa msichana, humu humu ndani. Baba yake alizima taa zote, akakomea mlango. Watu wakagonga. Mmoja alikuwa na mtoto analia.

"Sisi hatukuwasha, mwanangu. Leo niwashe nijisifie nini?"

Hasira imepungua nusu. Nusu ipo. Na Bibi nimwambie nini?

Jumamosi, 8 Novemba
Jioni. Ng'ambo ya barabara madirisha yote yanawaka. Letu giza. Nimekaa chini mlangoni kwa mama mkwe, mtoto kalala mapajani, kitaa kando yangu. Mume wangu kaenda kumshika Bibi mkono. Angalau hilo.

Wameshapinda kona, nasikia wanaimba. Nimegonga. Mama, fungua basi, anapita.

Kisha sauti yake, karibu kabisa, kama kaegemeza shavu mlangoni: "Bibi yako usiku ule aligonga wapi?"

Sijui. Sijawahi kumuuliza. Nimemjibu hivyo hivyo.

Komeo limegusika. Halijafunguka. Wanaoimba wako chini yetu sasa