Chui Amekula

Jumatano, jioni

Amekula. Naanza na hilo kwa sababu wiki nzima nimeogopa kwamba ningeandika kinyume chake.

Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa wa kupe, na kwamba sindano peke yake haitamponya mbwa asiyetaka kula. Chui alikuwa amelala jikoni juu ya koti kuukuu la mume wangu, Benedikto, fizi zimepauka, hata uji wa ulezi anaukataa. Laiti mwenyewe angekuwepo. Ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, kabla hajahamishiwa kufundisha Wampembe, ambako simu hupatikana kwa kubahatisha.

Leo alasiri ikapatikana.

"Mwekee simu sikioni," akaniambia. Kisha nikamsikia akisema, "Chui, baba, inuka ule. Usimsumbue mama."

Masikio yakasimama. Mkia ukapiga sakafu. Nikasogeza bakuli la supu ya samaki, migebuka. Akalamba kidogo, akapumzika, akalamba tena mpaka likabaki tupu. Nikaangua kilio.

"Vipi, amekufa?" Benedikto akapaza sauti.

"Amekula!" nikamjibu, na hapo hapo mtandao ukakata.

Nilikuwa bado sijamwambia kwamba mimi pia nimemkumbuka...

Baadaye Chui alijikokota hadi getini, akakaa akiitazama barabara. Baridi ya hapa kwetu Malangali ilikwisha kuanza, na nilipaswa kumrudisha ndani. Badala yake nilichukua blanketi, nikaketi kando yake, nikatufunika wote wawili.