Soya ya Kitunguu Saumu Ukweni Kimwani

Dada Neema,

Huku ukweni, kijijini Kimwani, mvua inanyesha, nami nimeshiba hadi naona aibu. Jana nilijigamba kuwapikia kitafunwa chetu cha Dar, kile cha kufyonza punje kutoka kwenye ganda. Nilichuma soya changa shambani, nikazichemsha na maganda yake, nikazikaangia kitunguu saumu na pilipili kichaa. Nilipotoka kuwaita majirani, mama mkwe akazimenya zote, taratibu kama anayenyonyoa mabawa ya senene, akazimwaga kwenye sufuria ya ndizi.

“Waitu, ndugu zangu, msameheni mke wa mwanangu,” akawaambia wageni tulipokuwa tukila. “Mjini hawafundishwi kumenya maharage.”

Ningejitetea, lakini mdomo ulikuwa umejaa, na hiyo ilikuwa sahani yangu ya tatu ya ndizi zake.

Nakukumbatia kwa mikono inayonuka saumu,
mdogo wako Rehema