Vidole Viwili Ndani ya Futi

Mshauri wangu, naomba msaada, na naomba usinicheke, maana hii ni mara ya nne naiandika barua hii na mara tatu zote niliichana kabla sijafika katikati. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nyumbani wananiita Kimya kwa sababu wageni wakija huwa naitikia salamu halafu napotea, kwa hiyo jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu mwenye miezi minane ambaye hana wa kumwambia.

Mama yangu ni sajenti, anasimamia stoo ya sare kambini, na baba ni fundi cherehani, chumba chetu cha mbele ndicho anachofanyia kazi, kwa hiyo nyumba yetu haikosi nguo za watu, zile zenye vyeo na zile zinazosubiri zipu. Sasa tangu mama ajifungue mwili haujarudi ulivyokuwa, na jeshini kwao mtu akizidi uzito kwa urefu wake anapimwa kwa futi, ile ile ya mafundi, shingo, kiuno na hipsi, halafu wanachukua kiuno wanajumlisha na hipsi wanatoa shingo, jibu wanalitafuta kwenye jedwali pamoja na urefu wako, na jedwali linakisia mwili una mafuta asilimia ngapi. Kikomo cha mama ni thelathini na nne. Miezi mitatu iliyopita alipata thelathini na sita, na sajenti mwenzake akamwambia mbele ya watu, "Afande, naona stoo umeihamishia tumboni." Wakacheka, naye akacheka, akaja kutusimulia huku anacheka, lakini mimi nilimwona alivyokuwa anafungua vifungo vya kombati, kama mtu anayegombana navyo.

Akapewa nafasi ya pili. Akishindwa tena, jina lake linatolewa kwenye orodha ya kozi ya kupanda cheo, na kozi hiyo ameingoja miaka sita, mwaka jana ilimpita kwa sababu ya ujauzito.

Basi akaja na karatasi ya maelekezo, imeandikwa Kiingereza, akanipa mimi kwa kuwa shuleni tunasoma kwa Kiingereza, akasema, "Mwanangu, utanipima wewe kila Jumamosi. Baba yako nikimpa futi ataanza utani." Mshauri, mimi nikatazama picha, nikaona mwanamke amezungushiwa futi, nikasema moyoni hii si naijua, mimi si mtoto wa fundi, nikaangalia jedwali la namba lililo nyuma tu, nikaikunja karatasi bila kusoma hata mstari mmoja wa maelekezo.

Baba alinifundisha kupima nikiwa na miaka tisa. Shingoni unaingiza vidole viwili ndani ya futi ili kola isimkabe mteja, na kiuno cha mwanamke unakivuta kidogo, maana kila anayekuja anasema fundi nibane hapa. Nikampima mama hivyo hivyo, chumbani, mlango umefungwa, naona haya kumshika kiuno, na baba kule mbele anapaza sauti, "Sajenti, usivute tumbo, huko hawapimi pumzi!" na mama anamjibu, "Shona suruali za watu wewe!" Wiki zikaenda, kiuno kikasoma themanini na moja, themanini, sabini na tisa, na jedwali likasema thelathini na mbili. Mama akanibusu kwenye paji la uso akasema mkono wangu una baraka, na kuanzia siku hiyo akaacha kukimbia asubuhi, akawa anachukua nusu saa hiyo kulala na mtoto.

Mimi kwa furaha nikataka kumfanyia zawadi, nikaamua niitafsiri ile karatasi kwa mwandiko mzuri aibandike kabatini, na kutafsiri hakukuachii kuruka mstari. Ndipo nikasoma kwamba futi iguse ngozi bila kuacha nafasi na bila kuibonyeza, mtu ashushe pumzi, kila sehemu ipimwe mara tatu. Nikakaa na kalamu mkononi masikio yanawaka. Vidole vyangu viwili vilikuwa vimempa mama shingo nene isiyo yake, na mkono wangu ulikuwa umemkatia kiuno.

Jumamosi iliyofuata nikapima kama karatasi inavyosema. Shingo thelathini na tatu, si thelathini na tano na nusu. Kiuno themanini na mbili. Mama akauliza, "Ngapi?" na mimi nikasema sabini na tisa, sijui nilisemaje, mdomo ulinitangulia. Akasema, "Unaona!" akavaa gauni lake. Baadaye nikapiga hesabu nyuma ya daftari la kemia, ikaja karibu thelathini na tano, amezidi, ingawa kwenye jedwali ni kama sentimita mbili tu. Jumamosi hii nimesema tena namba zile zile tamu. Zawadi yangu nimeificha kwenye begi la shule, na nimeanza kushona mkanda wa kubana kwa mabaki ya bitana, nikifikiri auvae siku mbili kabla ya kupimwa.

Zimebaki siku kumi na nane. Nikisema, nitamvunja moyo mama aliyeniamini, na baba atajua nimeharibu kwa kazi aliyonifundisha yeye. Nisiposema, atavunjwa moyo kule kule, mbele ya wale wale. Au ninyamaze tu, nikiomba atakayempima awe na mkono kama wangu? Nifanyeje? Ni mimi, Kimya.

*

Kimya, binti yangu,

Barua yako ni ndefu kuliko za wanaojiita wasemaji, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kusema huwezi.

Nikupunguzie mzigo mmoja kwanza. Kuingiza vidole viwili shingoni ni ufundi mzuri, tatizo mama yako hakuja kushonewa shati. Ulifanya ulichofundishwa, na baba yako hana cha kukulaumu. Uvivu wa kutosoma karatasi huo ni wako: ulipewa kazi kwa sababu unajua lugha mbili, ukaifanya kwa kutazama picha. Lakini hilo nalo limepita, na ulilirekebisha mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

Lisilopita haraka ni ile themanini na mbili uliyoiona kwa macho yako ukaitamka sabini na tisa. Unasema hukutaka kumvunja moyo. Soma tena ulivyoniandikia. Uliogopa uso wake wa dakika tano, ukaona heri aaibike mbele ya kambi nzima ilimradi wewe hutakuwepo kuona. Hapo ulijihurumia mwenyewe, mwanangu, si mama. Na umemnyang'anya wiki mbili ambazo angeweza kukimbia. Sentimita mbili, Kimya! Umekesha na siri kubwa kuliko kiuno chenyewe.

Sasa kuna jambo nimelifikiria tangu juzi, nalo nakuomba ulipokee polepole. Mama yako ni sajenti, ameshapimwa kwa futi hiyo si mara moja. Ngozi yake inajua futi inavyokaa. Unadhani hakuhisi vidole vyako viwili shingoni kila Jumamosi? Simjui, naweza kukosea. Ila naona mwanamke aliyechekwa kazini, ana mtoto wa miezi minane, usingizi haumtoshi, na mara anapata mahali pamoja pa kuambiwa kila wiki kwamba anaendelea vizuri. Huenda naye hakutaka kuuliza. Huenda chumbani humo mmekuwa wawili mnaofichana kitu kimoja kwa upole. Kama ni hivyo, usimwambie kwamba umelijua hilo. Mwachie aliseme mwenyewe, au asiliseme kabisa.

Haya, ya kufanya. Huo mkanda ufumue leo, bitana irudi kwa baba yako. Kujibana badala ya kutokwa na jasho la haki ni kumdanganya mpimaji baada ya kumdanganya mama, na mwanamke anayenyonyesha hana haja ya kubanwa tumbo. Wala mtu asimwambie aache kula au apunguze maji ili futi ifurahi. Mtoto anakula kupitia kwake.

Usingoje Jumamosi. Mwambie kesho, asubuhi, kabla hajavaa sare, baba akiwa hajafungua chumba cha mbele. Usianze kwa kulia, maana ukilia atakubembeleza na mazungumzo yatageuka kuwa yako. Mpe ile karatasi uliyoitafsiri, umwambie: "Mama, nilikupima kifundi. Nilipojua, nikakudanganya Jumamosi mbili. Naomba nikupime upya." Maneno yameisha. Akikugombeza, nyamaza, hapo ndipo jina lako litafaa.

Akishajua namba ya kweli, hatua zinazobaki ni zake. Aende kwa daktari wa kikosi mapema, si siku ya kupimwa, aulize kama taratibu zao zinampa mzazi mwenye mtoto mdogo muda zaidi. Mimi sijui, wewe hujui, na yeye hawezi kuuliza akiwa anaamini yuko thelathini na mbili. Arudie mbio zake za asubuhi, na ile nusu saa mtoto akae na wewe. Hapo ndipo utakapolipa deni lako, si kwa machozi. Siku zilizobaki zinaweza kutosha, zinaweza zisitoshe. Sikuahidi. Atakachokuwa nacho ni kwamba hakuna atakayemshtukiza.

Na wewe uliyejifunza futi ukiwa na miaka tisa, unajua kuliko mimi kwamba mafundi wawili wakimpima mteja mmoja hawaleti namba moja. Jedwali lile linakisia tu. Halioni usiku wake na mtoto wala halijui stoo anaiendeshaje. Linaweza kumzuilia kozi, hilo ni kweli na linauma, lakini haliwezi kusema yeye ni mtu gani. Mwambie hilo baada ya kupima, usimwambie kabla, lisije likaonekana kisingizio.

Basi zungusha futi, iguse ngozi, mngoje ashushe pumzi. Pima mara tatu. Soma namba kwa sauti ambayo hata baba yako, popote alipo nyumbani, ataisikia. Kisha usikimbilie jikoni, usikumbuke ghafla kwamba mtoto analia. Kaa hapo kitandani kando yake, hata kama itachukua muda, mpaka yeye ndiye aanze kusema.