Nikeli na maji ya mvua

Siku ya ine, jioni

Eti nikeli yangu imekataa kushikana na salfa! Papa Sylvestre, anayeongoza memwari yangu ya kumaliza chuo, alitazama unga wa kijani uliobaki chini ya chupa, akasema: «Mutoto wangu, badilisha sujet, tafuta kazi ingine.»

Sikubadilisha.

Umeme ukikatika, mashine ya maji safi ya labo inalala, na sisi wote tunajaza bidoni maji ya ziwa yaliyochemshwa, tunafanya nayo majaribio. Tumeyanywa toka utoto, nani angeyashuku? Lakini yana magadi, na magadi njo yaliikamata nikeli kabla ya salfa.

Kwa hiyo jana, mvua ilipopiga, niliweka beseni katikati ya uwanja, mbali na bati lenye kutu. Leo nimerudia kazi yote kwa maji yale. Kijani kikaondoka, rangi ya kahawia ikapanda, alama ya kwamba nikeli imeshika salfa, na chini zikabaki chembe zinazong'aa. Nilipochoma kidogo ndani ya tyubu, zikayeyuka zote kwa pamoja, kama kitu kisicho na uchafu.

Papa Sylvestre alizitazama sana. Halafu: «Maji ya mvua? Utaandika hivyo mbele ya jury ya walimu?»

«Ndiyo, Papa. Nitaandika hivyo.»

Naogopa, sitajidanganya. Mpaka mashine za Lubumbashi zizipime, sina hakika kamili ya kilicho ndani, na jury inaweza kunicheka.

Wacheke. Wakitaka maji ya mashine, walete kwanza umeme.