Nani Alishika Kamba

Macalder, Alhamisi

Omera Okoth, ndugu yangu,

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kukusifu, nikaichana. Ya pili ilikuwa ya kujitetea, nikaichana pia. Hii naiandika shajara yangu ikiwa wazi mezani, kwenye ukurasa wa siku uliyokufa, ili nisipotoke. Ulikuwa ukinicheka kwa shajara hii. "Ouma karani, usisahau kuandika kwamba leo chai haikuwa na sukari." Niliandika hata hilo. Lakini ukurasa wa siku ile una mstari mmoja tu: Ardhi ilipasuka saa nne asubuhi. Nilikimbia.

Nimerudi nyuma nikasoma kurasa za kabla yake. Wewe umo karibu zote. Asubuhi, pampu ikitoa maji kwenye shimo letu la dhahabu, tulikuwa tukikaa juu ya lundo la mawe na wewe ukitupa hadithi. Siku moja nilikuuliza shujaa ni nani hasa, nikaandika jibu lako kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa sekondari: anatoka kwao, anakutana na mtu wa kumsaidia njiani, anashuka mahali pa giza, anapambana, anarudi na kitu mkononi. Nilidhani tumemaliza. Wewe ukasema, "Sasa andika na swali langu."

Swali lako lilikuwa lile lile siku zote. Mtu akisimulia jinsi shujaa alivyoshushwa kisimani kufuata ng'ombe wa mfalme, au pangoni kupigana na zimwi, ulimkatiza katikati: "Ngoja kwanza. Kamba ilishikwa na nani?" Watu walikasirika. Onyango, mchimbaji mwenzetu, alikuambia, "Wewe unaharibu utamu, bwana. Kamba ni kamba tu." Nawe ukamjibu, "Haya, kesho nitashuka mimi, wewe shuka nyuma yangu bila mtu juu. Tuone utamu." Tulicheka mpaka akina mama waliokuwa wakiosha mawe kwenye makarai wakageuka kututazama. Mama Achieng alikuwa miongoni mwao.

Siku ile wa kushika kamba nilikuwa mimi.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, maana sijawahi kuiandika. Wewe na Onyango mlikuwa chini. Nilisikia sauti kama gunia la mahindi linapopasuka, nikaona mdomo wa shimo ukipiga mstari wa ufa, mstari ukaja hadi miguuni pangu. Niliiachia kamba. Sikufikiri lolote, Okoth. Ningependa kukuambia kwamba nilikwenda kuita watu, lakini sikumwita mtu. Nilikimbia mpaka kwenye ule uzio wa mikonge, nikasimama hapo nimeshika magoti.

Yaliyotokea nyuma yangu nimeyajua juzi tu. Jiwe lilikuwa limempiga Onyango kichwani. Ulimfunga yeye kamba, hukujifunga wewe. Kisha ukaita, "Ouma, vuta!" Mama Achieng alitupa karai lake, akaishika kamba, akaizungusha kwenye kisiki na kuvuta akirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua. Ndiye aliyekujibu, "Navuta!" Ilikuwa sauti ya mwanamke. Kwa hiyo ulijua. Kabla udongo haujashuka, ulijua kwamba sipo.

Niliporudi, kichwa cha Onyango kilikuwa tayari juu. Nilishika kamba mbele ya mikono ya Mama Achieng, tukavuta labda mara mbili. Kisha ardhi ikajifunga. Kama ningekuwa hapo tangu mwanzo, tungekuwa wawili, na kamba ingeshuka mara ya pili. Hesabu hii nimeipiga kila siku, na jibu halibadiliki.

Watu walipofika walinikuta na kamba mkononi, Onyango amelala miguuni pangu, na Mama Achieng ameketi kando, ameficha viganja kwenye leso. Mtu akapiga kelele, "Ouma ameokoa mtu!" Nilinyamaza. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na sikuhitaji hata kufungua mdomo.

Wa pili niliusema kwa sauti. Ulipofukuliwa tulikuvusha daraja la Mbita tukakupeleka kwenu Rusinga, na kwenye matanga mpiga gitaa alikuwapo, wewe uliyempenda. Unajua ilivyo. Mmoja baada ya mwingine walisimamisha muziki kwa pakruok, yale majigambo yetu ya ngomani, wakajitapa na kukusifu wewe. Mwenye mbuzi mmoja akawa bwana wa mazizi. Jamaa yako anayezama hata kwenye beseni akawa mamba wa ziwa. Kisha wakaita, "Ouma! Ouma wa Macalder!" Nikainuka, nikanyoosha kidole, gitaa likanyamaza. Nikasema, "Mimi Ouma, mkono usioachia! Rafiki wa Okoth, simba wa Rusinga! Ardhi ilivuta, nami nikavuta!"

Walishangilia sana. Nilijiambia kwamba pakruok ni pakruok, kila mtu ataipunguza mwenyewe kama anavyompunguzia yule wa mbuzi mmoja. Lakini mama yako hakupunguza. Alitaka kujua mwanawe alikufaje, na mimi ndiye niliyekuwa hapo. Alipokea kujitapa kwangu kama ushahidi. Alipita katikati ya viti, akanishika mikono, akavilaza viganja vyangu kwenye mashavu yake. Akaniita kama mwanawe, "Wuoda, mikono hii ilikuwa upande wa pili wa kamba ya mwanangu."

Viganja vyangu vilikuwa vizima, Okoth. Havikuwa na mchubuko hata mmoja. Safu ya tatu, Mama Achieng alikuwa amekaa, mikono yake yote miwili imefungwa kwa leso. Hakuna aliyemuuliza ameumia wapi.

Tangu hapo maisha yangu yamekuwa mazuri, na ndiyo aibu yenyewe. Machimboni wananiita Mkono. Nikienda kanisani napewa kiti cha mbele. Mama yako hunitumia omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa vizuri, kila akipata mtu anayekuja huku. Nawala. Ninapotafuna nahesabu mangapi nimekula yaliyokuwa yako.

Wiki iliyopita mke wa Onyango alijifungua mvulana. Nilialikwa kumwona. Onyango, ambaye hakumbuki chochote cha siku ile baada ya jiwe kumpiga, aliniwekea mtoto mikononi akasema, "Huyu anaitwa Ouma. Bila wewe asingekuwa na baba." Unajua jina ni nini kwetu. Mtoto hupewa jina la mtu ambaye nyumba haitaki apotee. Pahali pale palikuwa pako. Mtoto alinitazama na yale macho ya watoto wachanga yasiyoona bado, nikasikia swali lako kana kwamba umekaa juu ya lundo la mawe: Ngoja kwanza.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Mama Achieng. Alikuwa anaosha mawe. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Hakuacha kuzungusha karai. "Niseme nini, na hadithi ilikuwa imeshapata mwenyewe? Halafu wewe uliishika ile kamba kama mtu anayeshika nguo isipeperushwe na upepo." Nilistahili. Ndipo akanieleza yote, pamoja na lile la wewe kuniita. Mwisho akafungua viganja akanionyesha. Makovu yamepita katikati, mstari mmoja kila mkono. "Nilikuwa nangoja uje mwenyewe," akasema. "Umechelewa, lakini umekuja."

Jana nilimwambia Onyango. Nilisimama mlangoni, sikutaka kukaa. Nilimsomea ule mstari wa shajara, kisha nikamwambia mengine. Hakunitukana. Alimchukua mtoto kutoka kwa mkewe, akampakata karibu sana na kifua, kama mtu aliyesikia kwamba kuna mwizi mtaani. Kisha akasema, "Anaitwa Okoth."

Mkewe akasema mtoto hakuzaliwa mvua ikinyesha, ni kiangazi kikavu, watu watauliza kwa nini anaitwa Okoth, jina la mvua.

"Waache waulize," Onyango akasema. Kisha akanitazama mimi. "Wakiuliza, wewe ndiye utakayewajibu. Kila mara. Na uanze na Mama Achieng."

Nimekubali. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa.

Jumamosi navuka daraja kuja kwenu, na Mama Achieng amekubali tuandamane. Mama yako bado hajui. Sijui atafanya nini na mikono yangu akishajua ilikuwa wapi. Labda hatanipa kiti. Labda nitarudi nikiwa nimefukuzwa, na omena hawatakuja tena. Nitamwambia hata hivyo, mchana, mbele ya ndugu zako, bila gitaa, na nitaanza hivi: "Mama, kamba ilishikwa na huyu."

Nitapita kaburini kwako baadaye, kama nitaruhusiwa. Nisiporuhusiwa, nitasimama nje ya ua.

Pumzika, omera. Uliita jina langu na sikuitika. Sasa mtoto akiitwa jina lako, nikiwa karibu, nitaitika mimi.

Ouma