Kahawa ya Kutafuna Uliyokuwa Ukiipeleka Nyakatuntu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tukulaze kwenye migomba uliyoipanda mwenyewe, na Kamuli haijapata mwingine wa kuamkia watu kwa kelele zile. "Hamjambo watoto wa Kamuli?" Uliwaamkia hata walio mgongoni mwa mama zao, kisha unasimama kusubiri jibu. Watu walicheka wee! Mzee mzima anangoja kichanga amjibu.

Wewe, Elipidius Mwesiga, ulikuja kutoka Muleba kununua kahawa, ukaishia kulea watoto wa watu. Kikundi cha malezi kilipoanzishwa Kamuli, walitafutwa akina mama wa kushika zamu, ukajitokeza wewe. Ulikuwa umechoka kuona, kila msimu, watoto wanashinda kimya pembeni ya kahawa inayoanikwa, hakuna wa kusema nao mpaka jioni. Ukawafungia mipira ya majani makavu ya migomba, ukawachongea magari, ukawatambia hadithi. Uji ukichelewa, ulilalamika kuliko wao.

Wenzako kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakakuita yaya. "Mtoto hata meno hajaota, unaongea naye nini?" Ukawajibu, "Wewe uliyeota, tangu asubuhi umesema nini cha maana?" Mama anasema hili tusiliandike gazetini. Tumeshaliandika, Mama.

Haja yako kubwa ikawa kijiji cha Nyakatuntu. Huko watoto ni wengi na kikundi hakikuwapo, na jengo pekee lililokuwa tupu ni ghala la zamani la kahawa la mzee Ndyamukama. Mzee alikubali kulitoa, mradi kwanza uzungumze na wanaume wa kijiji siku ya kukanyaga ndizi za rubisi ya harusi ya mwanawe. Kuzungumza tu, Baba. Wewe ukataka kuonyesha.

Ukambeba mjukuu wako Ainembabazi mgongoni kwa kanga, ukaingia kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi, ukaimba, ukacheza, ukisema baba naye anaweza kufanya kazi huku anaongea na mwanawe. Walianza kukuelewa. Lakini kanga ulikuwa umeifunga mwenyewe, ukamkatalia Mama asikusaidie! Fundo likaachia, mtoto akatua chubwi katikati ya juisi. Akalamba mikono yote miwili, akasema, "Nyingine!"

Wanaume walivunjika mbavu. Mzee Ndyamukama hakucheka. Rubisi ya harusi ya mwanawe ilikuwa imeogewa mbele ya wageni. "Ghala langu si la michezo," akasema, akalifunga.

Ulimpelekea mikungu mingine ya ndizi, akaipokea. Ukampelekea na kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani la mgomba, kama afanyavyo mtu anayetaka yaishe. Hiyo hakuigusa. Ulikwenda nayo tena na tena, ukarudi nayo. Mama akiuliza, "Ameitafuna?" unasema, "Bado, ila leo ameiangalia vizuri." Tulicheka wote, lakini tulijua inakuuma, kwa sababu watoto wa Nyakatuntu walikuwa wanakua huku ghala limefungwa. Kitandani ulituachia neno moja: "Ile kahawa msiache kuipeleka."

Tulipeleka, Baba. Baada ya kuanua matanga Mama alikwenda mwenyewe, na Ainembabazi ndiye aliyebeba kifurushi.

"Shikamoo, babu," mtoto akasema.

"Marahaba. Ni wewe uliyeoga kwenye rubisi yangu?"

"Ndiyo. Ilikuwa tamu."

Baba, mzee alicheka mpaka akashika ukuta! Halafu akasema, "Yule bwana alikuja kwangu mara nyingi mno." Akafungua jani, akatafuna punje moja, nyingine akampa Mama. Mama alilia njia nzima kurudi Kamuli, na anasema hajawahi kutafuna kahawa tamu kama ile.

Leo ghala limejaa watoto. Akina baba wa Nyakatuntu wanashika zamu, wanachonga magari mabaya kuliko yako, na wanabishana nani amechonga vizuri. Juzi tulikwenda kuwasalimia. Tukamkuta mzee Ndyamukama mlangoni, ameinama, anamwamkia kichanga aliye mgongoni mwa mama yake. Alipomaliza kumwamkia, akasimama palepale akisubiri jibu.

Unakumbukwa na mkeo Joviana, wanao Egbert na Evaresta, mjukuu wako Ainembabazi, watoto wote wa Kamuli na Nyakatuntu, pamoja na mzee Ndyamukama, ambaye ameomba jina lake lisikosekane hapa.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba. Na kanga siku hizi tunaifunga mafundo mawili.