Simsamehe Aliyemng'oa Zuhura Meno

Kagerankanda, Kasulu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu imekupa nafuu, na kwamba mvua imewakumbuka hapo Pangani. Huku tu wazima, ila baridi ya milimani bado haijanizoea, na wanafunzi wangu hucheka kila nikijaribu Kiha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikata katikati na kuniambia nisamehe. Leo utanisikia mpaka mwisho.

Unajua mume wangu yuko Mpanda kikazi, na mimi nikiwa darasani mwanangu Zuhura hubaki kwa jirani yangu, Bibi Esta. Bibi huyu anampenda mno. Mtoto akilia, humpa chupa ya chai yenye sukari, naye hulala nayo mdomoni. Meno ya mbele yakaanza kushika madoa ya kahawia. Tulikubaliana nimpeleke hospitali Jumamosi.

Kabla Jumamosi haijafika akapita mtu mwenye koti jeupe, wanamwita Dokta Koleo. Si daktari wala nini. Huzunguka magulioni na koleo la fundi baiskeli. Alimwambia Bibi Esta kwamba meno yale yana wadudu, na wakiachwa watapanda mpaka machoni. Bibi akaingiwa na hofu, akamshika mtoto. Yule mtu akang'oa meno manne bila ganzi. Zuhura ana miaka mitatu na ushei, Mama. Niliporudi nilimkuta ameloa damu kifuani, sauti imemkauka kwa kulia. Kesho yake uso ulivimba mpaka jicho likafunga.

Tulilazwa hospitali, Kasulu mjini. Daktari wa meno akaniambia, "Mwalimu, hakuna mdudu. Sukari ikilala mdomoni ndiyo inayoozesha meno, na haya yalikuwa yanatibika. Sasa huyu mtu amechimba hadi ndani ya ufizi. Meno ya ukubwani yamejificha humo humo. Sijui yataotaje."

Akanifundisha: chupa ya kulalia iwe ya maji matupu, au isiwepo kabisa. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, na mswaki aushike mzazi. Nilimsikia vizuri, lakini kichwani mwangu nilikuwa naliona koleo tu.

Zuhura alipopona nikaanza kumuulizia Dokta Koleo. Nikaambiwa amehamia upande wa Kibondo, yuko gulio la Kumsenga. Bibi Esta akasema, "Mwalimu, twende wote. Sura yake siwezi kuisahau."

Tulimkuta ameketi kando ya wauza maharage, na akina mama wamejipanga na watoto mapajani. Bibi aliponionyesha kwa kidevu, nikaenda kukaa kwenye kigoda chake, nikashika shavu.

"Linauma?" akauliza.

"Sana, dokta."

Akachungulia. "Naam, wadudu wamejaa." Akachovya pamba kwenye kikopo, akaileta mdomoni mwangu. Haijafika, nikamdaka mkono, nikaifumua pamba ile mbele za watu. Ndani mlikuwa na funza weupe wa nyama, amewaweka mwenyewe.

Kisha mama mmoja akaanza kulia, na wanaume wakaokota mawe. Mama, sitakuficha, nilifurahi. Nilitaka nione damu yake kama nilivyoona ya mwanangu. Lakini nikawaza kwamba mawe yatammaliza upesi, na kesho watu watamhurumia. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Mwacheni. Huyu ni wa mahakama." Mgambo wakamvua lile koti, wakamchukua. Hakunishukuru, na mimi sikumfanyia hisani.

Wiki iliyopita alikuja mama yake, amembeba mjukuu, mtoto wa Dokta Koleo. Akapiga magoti mlangoni. "Mbabarira, mwana wanje," akasema, yaani nisamehe, mwanangu. Yule mtoto alikuwa ananyonya pipi, na meno yake yameshaanza kuwa ya kahawia kama ya Zuhura yalivyokuwa.

Nikamtoa pipi, nikampakata. Nikachukua mswaki mpya, nikamsugua taratibu, bibi yake akiangalia, kisha nikampa mswaki na dawa aende navyo. Nikamwelekeza kama nilivyoelekezwa. Akatabasamu, akauliza, "Basi umemsamehe?"

"Hapana," nikamwambia. "Huyu mtoto hajanikosea. Mwanao tutakutana mahakamani, na Bibi Esta atasema aliyoyaona."

Akaondoka akilia. Sikumwita. Kwa hiyo, Mama, usimtume tena mjomba anipigie simu ya suluhu.

Nisalimie mjomba huyo huyo, na shangazi wa Mkwaja, na wifi yangu anayekupikia. Dada Mwanahamisi mwambie mapacha wake wasilale na chupa ya juisi. Zuhura anakuamkia. Siku hizi anakula ugali kwa kutafunia pembeni.

Mwanao anayekutii kwa mengine yote,
Rehema